Mota Ikipoa

Nilikuwa nimeshafunga kibanda changu pale Keko, nimeshanawa mikono, nawaza ugali tu, simu ikaita. Mwanamke. Anaongea kwa kunong'ona. Mashine yake ya kufulia, mota inachemka mpaka inatoa moshi, na anataka fundi leo hii. Nikamwambia kesho asubuhi. Akasema leo. Nikamwambia Chanika ni mbali, mama, na jua ndilo hilo linazama. Akasema neno moja.

"Nakuomba."

Sijui kwa nini nilikubali. Mimi si mtu wa huruma kiasi hicho. Waulize mafundi wenzangu, watakwambia Fakihi ana mdomo na ana hasira za karibu, na hawatakuwa wamenisingizia. Nikabeba begi la vifaa, nikachukua bodaboda, njia nzima nawasema moyoni watu wanaonunua mashine ya kilo saba halafu wanaijaza mapazia ya nyumba nzima.

Nyumba ilikuwa peke yake, haijapigwa lipu, mahindi yameizunguka pande zote. Jirani wa karibu unamwona kwa taa tu. Dereva aliniacha akageuza haraka, na alipoondoka ndipo nikaisikia mashine. Ilikuwa inanguruma huko ndani bila kupumzika.

Mlango ulifunguliwa kabla sijabisha hodi. Mama mmoja mrefu, mrefu kweli, kichwa kinakaribia kugusa fremu ya mlango. Amejifunga kaniki ya msiba. Mkono wa kushoto umefungwa plasta ya hospitali. Jicho moja limevimba.

"Karibu fundi. Mie ndiye Filomena."

"Asante, mama. Pole na mkono."

"Nilianguka."

Binti akaja na glasi ya maji. Mdogo wa umbo, ukimweka karibu na mama yake anaishia kwapani, ingawa kwa umri alishakuwa mwanamwali. Akasimama mwisho wa korido, akaninyooshea glasi kwa mbali, hataki kusogea hata hatua moja upande ule mashine ilikokuwa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Noela," mama yake akamkata, "chumbani. Funga kwa ndani."

Binti akaenda. Nikasikia ufunguo ukizunguka, kisha komeo. Nikajisemea, mambo ya watu hayo, mimi nimefuata mota.

Sebuleni ukutani palikuwa na picha ya mwanaume, rozari imening'inizwa juu yake. Mtu wa kifua kipana, shingo nene, anakutazama kana kwamba umemkosea wewe. Nikauliza ni nani. Akaniambia ni mume wake, Benedikto. Vibaka walimchoma visu njiani, akafia kwenye mlango wa nyuma. Nikauliza kwao wapi. Newala, akasema.

Hapo mimi nikachangamka.

"Newala! Wamakonde! Kumbe watani zangu, mie Myao wa Masasi! Sasa mtani, msiba wote huo mbona hamkuniita nikamfulia marehemu nguo zake?"

Kama hujui, nikwambie. Kwetu sisi mtu akifa nguo zake hazifuliwi na mkewe wala ndugu zake. Anafua mtani, kwa mkono, kwenye beseni. Anazifua huku anamtukana marehemu apendavyo, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, si ndugu, si marehemu mwenyewe. Akimaliza anasema kwa sauti mbele za watu kile alichokikuta kwenye nguo zile. Kakuta ugoro mfukoni, anasema. Kakuta kitambaa cha mwanamke, anasema. Neno la mtani ndilo la mwisho, na baada ya hapo marehemu anaachwa apumzike. Basi na mimi, kwa huu mdomo wangu, nikaigeukia ile picha nikaanza kazi.

"Huyu kwa sura hii, hata Israili alipomjia alibisha hodi mara mbili!"

Msiba wowote wa kwetu watu wangecheka mpaka wakae chini. Filomena alinirukia, akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilinuka sabuni.

"Humu ndani usimtanie," akanong'ona. "Nguo zake zilifuliwa na mashine. Basi. Yaishe."

Niliona ni jeuri. Nani anakataa utani? Lakini nikamfuata stoo kimyakimya, maana jicho lile moja zima lilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuiona kwa mteja.

Mashine ilikuwa juu ya matofali, ya kufungulia mbele, yenye kioo. Nyuma yake wamewasha feni ya mezani, inaipulizia mgongoni. Nilishawahi kuona watu wakiipulizia feni redio, jiko la mkaa, hata mgonjwa. Mashine ya kufulia ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nikainama nikachungulia kwenye kioo. Pipa linazunguka kwa kasi.

Tupu.

"Inafua nini?"

"Haifui kitu."

"Tangu lini inazunguka hivi?"

"Tangu tumzike. Ikimaliza, naianzisha tena."

Nikamwangalia. Nikadhani ni msiba umemchanganya. "Mama Noela, mota si mtu wa kukesha hivyo! Lazima ichemke! Umeme ukikatika je, unafanyaje?"

Akacheka. Kicheko kifupi kibaya, akakimeza hapohapo.

Nikaweka mgongo wa mkono kwenye bati la nyuma, nikautoa haraka. Moto. Vanishi ya koili ilikuwa inanuka, ile harufu ya mota iliyokaribia kuungua. Lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine. Gongo. Sigara. Jasho la mwanaume aliyetoka kufanya kazi nzito. Nikapima umeme kwenye soketi kwa mita, uko sawa. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye bodi na mpini sikioni, nikasikiliza beringi. Hazilalamiki. Nikanyoosha mkono kwenye soketi.

"Usizime!"

"Mama, mie sifungui mota inayozunguka. Nikatwe vidole?"

"Itachukua muda gani?"

"Nusu saa tu."

Akafumba macho. Akavuta pumzi kama anayetaka kuzama majini. "Fanya haraka, fundi. Na ukisikia chochote, usije. Ukimaliza, washa kwanza. Ndio uniite."

Akatoka. Nikachomoa waya.

Kimya kikaanguka ndani ya nyumba ile... kimya kizito, mpaka nikasikia mahindi yakisuguana huko nje. Nikafungua bati la nyuma. Nikavua mkanda. Mota peke yake nikaizungusha kwa kidole, nyepesi kabisa. Nikachomoa kaboni, vile vijiti vinavyoisha kwa kusuguana, bado ndefu, nzima. Koili nikazipima, nzima. Sasa mota nzima inachemkaje? Mota nzima ikichemka, ujue inabebeshwa mzigo. Nikarudisha mkanda, nikashika ile puli kubwa ya pipa, nikaizungusha kwa mkono.

Haikwenda.

Nikaweka nguvu. Ikapanda taratibu, nzito, nzito, mpaka juu. Halafu kitu ndani ya pipa kikaporomoka.

Gdu!

Nikaachia. Nikazunguka mbele, nikafungua kioo, nikachungulia. Pipa tupu, linang'aa. Nikafunga. Nikarudi nyuma, nikazungusha tena. Ikapanda. Nzito kama mtu mzima amelala humo.

Gdu!

Na safari hii, baada ya kuanguka, kikaguna.

Nitakuwa mwongo nikisema sikuogopa. Jasho lilinitoka mpaka likaingia machoni. Lakini fundi ana ugonjwa wake, lazima aone kinachokwama. Nikarudi mbele, nikafungua kioo, nikaingiza mkono wa kulia, nikapapasa kwenye mkunjo wa ule mpira wa mlangoni, mahali soksi na sarafu za watu hujificha. Vidole vikagusa kitambaa. Nikavuta. Ukaja mkono wa shati. Nikavuta tena, likaja lote, shati la drafti, limelowa, na lilikuwa la vuguvugu.

Nikalitupa kwenye beseni. Nikazungusha puli. Ikazunguka kwa kidole kimoja, bila shida yoyote.

"Kumbe ndiwe ulikuwa unanihangaisha!" nikaliambia shati, nimefurahi kweli. Nikajiona fundi hasa.

Pah!

Sauti ilitoka sebuleni. Kofi. Halafu kishindo, kitu kimegonga ukuta. Halafu pumzi ya mwanamke, ile ya mtu anayejizuia asipige kelele.

Pah! Pah!

Ningekumbuka nilivyoambiwa, ningewasha mashine. Sikukumbuka. Kuna mambo siyavumilii, na la kwanza ni mwanaume anayempiga mwanamke. Nikashika spana kubwa, nikakimbia sebuleni nikiwa na nia ya kumvunja mtu taya.

Filomena alikuwa amekaa chini kwenye kona, mikono yote miwili juu ya kichwa, magoti kifuani. Amejikunja kwa utaratibu wa mtu aliyezoea. Damu inamtoka puani.

Hapakuwa na mtu mwingine.

"Yuko wapi?" nikafoka. "Kaenda wapi huyo mshenzi?"

Kabla hajajibu, kichwa chake kikatupwa upande. Mwenyewe nikaona. Shavu likaingia ndani, likarudi, na vidole vinne vyekundu vikajichora pale. Hakuna aliyemgusa. Akavutwa nywele juu, mpaka akasimama kwa vidole vya miguu, kisha akabamizwa ukutani. Picha ikaanguka. Harufu ya gongo ikajaa chumba kizima.

"Washa... mashine," akanong'ona. "Ikizunguka anakuwa humo. Ikisimama... anakaa kidogo... anatoka."

Sasa nikaelewa feni. Nikaelewa plasta, nikaelewa jicho. Kila mota ilipochemka ikajikata, kila umeme ulipokatika Chanika nzima, mwanamke huyu alikuwa anakaa kwenye kona hii anangoja mota ipoe.

Nilijirusha kati yao. Huo ndio uliokuwa upumbavu wangu wa kwanza. Kitu kama gogo kilinipiga kifuani, nikaruka mpaka mlangoni, kisha kikaushika mkono wangu wa kulia. Kikauweka kwenye kona ya fremu, polepole, kinachagua mahali. Kikausukuma.

Mfupa ulilia kama kuni kavu.

Nikapiga kelele. Kule chumbani Noela naye akapiga kelele. "Mama! Mama!"

"Kaa humo humo!" Filomena akamjibu kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Usifungue! Nimesema usifungue!" Na hapohapo akapigwa teke la tumbo, akakunjika, akatapika. Hata pale, akitambaa kwa viwiko, alikuwa anatambaa kwenda upande mmoja tu, kati ya kile kitu na korido ya chumba cha binti yake. Mimi, maumivu yamenijaa mpaka kwenye meno, niliona jambo moja kwa uwazi kabisa. Mama huyu hajali afe. Anachotaka ni kile kitu kisifike kule.

Nikatambaa kurudi stoo. Waya wa mashine ulikuwa pale sakafuni. Ningeuchomeka yakaisha, angalau kwa usiku ule. Lakini mota ingechemka tena. Kesho, kesho kutwa. Halafu ingeungua kabisa, na kisha?

Macho yakaniangukia kwenye beseni. Kwenye shati.

Nikajiita mjinga. Mtani niko hapa! Huyu mtu hajafuliwa nguo, ndiyo sababu hapumziki! Wamemtumbukiza kwenye mashine, hakuna aliyemtukana, hakuna aliyesema neno la mwisho. Nikafungua bomba. Nikachukua mche wa sabuni kwa mkono wa kushoto.

Filomena alitokea mlangoni akiwa amepiga magoti. Akaona ninachofanya. Uso wake ukabadilika, kuliko hata alipokuwa anapigwa.

"Usifue! Mtani, usilifue hilo!"

"Nimekuja kukusaidia, mama Noela."

"Washa mashine! Nakuomba usi..." Akapigwa mdomoni. Akanitazama, akatikisa kichwa, akaweka kidole kwenye midomo inayovuja damu. Akakiweka, akakiondoa, akakiweka tena. Nilidhani ni aibu. Nilidhani hataki aibu ya nyumba yake ijulikane na mgeni.

Nikalizamisha shati. Nikaanza kusugua.

Kipigo kikakoma.

Hapohapo. Kana kwamba mtu kaambiwa subiri. Harufu ya gongo ikaja mpaka stoo, ikasimama nyuma ya bega langu, na nikasikia pumzi nzito, za mtu aliyechoka kupiga, zikinipuliza sikioni. Hazikunidhuru. Zilikuwa zinangoja. Nikapata nguvu. Nikaona kumbe mila zetu zina maana, na mimi Fakihi ndiye ninayezijua humu ndani.

"Haya Benedikto," nikamwambia, "mtani wako nipo. Shati linanuka hili! Ulikuwa unalala na mbuzi?"

Pumzi zikaendelea. Hakukasirika. Mtani hakasirikiwi.

Maji yalibadilika kuwa mekundu, nikayamwaga, nikaweka mengine. Nikalikamua kwa mguu na mkono mmoja, nikalitandaza kwenye goti. Hapo nikaona matundu. Yalikuwa mgongoni yote. Hakuna hata moja mbele. Na yalikuwa chini, usawa wa kiuno, kitambaa kimechanika kuelekea juu. Nikalitazama shati, nikamtazama Filomena kwa urefu ule. Mtu mrefu akichoma kisu, anachoma toka juu. Aliyemchoma huyu alikuwa mfupi, kisu kimetoka chini kwenda juu, kwa nyuma.

Vibaka gani?

Nikaikumbuka ile glasi ya maji iliyonyooshwa kwa mbali. Nikakumbuka umbo linaloishia kwapani mwa mama yake. Moyo ukaniuma, kisha ukanichemka. Nikamwona mtoto anakua ndani ya nyumba hii, anasikia pah, pah, kila siku ya Mungu, mpaka siku moja anachukua kisu jikoni. Sikumlaumu. Wallahi sikumlaumu! Nilitaka kumtetea. Nilitaka yule mshenzi aliye nyuma ya bega langu aambiwe ukweli wake usoni, na mtu pekee mwenye haki ya kumwambia alikuwa mimi.

Nikasimama. Nikalinyanyua shati juu kwa mkono wangu mzima.

Filomena alikuwa ananitazama. Anatikisa kichwa. Machozi yanamtiririka.

"Benedikto!" nikaita kwa sauti ya mtani msibani. "Nimekufulia, nimeona! Nimeona matundu ya kisu, yako mgongoni, yametoka chini. Hukuuawa na vibaka. Mkeo mrefu huyu hawezi kuchoma hivi. Binti yako ndiye kakumaliza, na kachelewa! Ulistahili tangu zamani! Neno la mtani ndilo hilo. Nenda!"

Pumzi zilikata.

Harufu ikaondoka. Ikaisha kabisa, ikabaki ya sabuni. Nikasikia wadudu wa shambani, nikamsikia hata mbwa wa mbali. Nikachomeka waya, nikawasha mashine. Pipa likazunguka bila kulalamika. Nikaingiza mkono nyuma, nikagusa mota. Ilikuwa ya baridi, inaimba.

"Umeona?" nikamwambia Filomena. Nilikuwa nacheka na kulia, mkono unaning'inia. "Imeisha! Mota imepoa. Hamna kitu tena humu ndani!"

Hakuwa anacheka. Alikuwa anaitazama mashine inavyozunguka nyepesi.

"Alichomwa kwa nyuma, fundi," akasema taratibu. "Umeme ulikuwa umekatika. Alikuwa hajui ni nani."

Sikuelewa. Bado sikuelewa.

"Alidhani ni mie. Nikamwacha adhani hivyo. Wiki zote hizi nimepigwa mie, kwa kuwa alidhani ni mie. Sasa umemwambia."

Huko chumbani, Noela akasema neno moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyeona mtu anayemjua.

"Baba?"

Kisha kitanda kikagonga ukuta.

Sijawahi kukimbia vile. Filomena alifika kabla yangu, akaupiga mlango kwa ule mkono wa plasta mpaka plasta ikapasuka. "Ni mie, Benedikto! Njoo kwangu! Fundi mwongo huyo, hajui kitu!" Mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo na komeo. Ndani, vitu vinavunjika. Ndani, mtoto anapigwa na mtu asiyechoka, na baada ya muda kelele zake zikageuka mkoromo, sauti ya koo lililobanwa.

Hakumsikiliza mkewe. Neno la mtani ndilo la mwisho.

Basi ni mimi niliyepaswa kulisema jingine.

Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Mtu wa namna ile anaamini nini? Haamini mkewe. Haamini mwanawe. Kuna kitu kimoja tu wanaume wale wanakiamini kabla hata hujamaliza kukisema.

"Benedikto!" nikaupiga mlango kwa kichwa. "Nimekudanganya! Mtoto hakufanya kitu! Ni mie! Mie nalala na mkeo!"

Mkoromo ukaendelea.

"Nimelala kitandani kwako! Wewe ukiwa kazini mie nipo humu, nakula chakula chako! Yale matundu nimeyajuaje? Nimeyatoboa mwenyewe! Mkeo hakujua, nilikungoja mlango wa nyuma peke yangu, nikainama ili usinione, nikakuchoma toka chini. Ulilia kama mbuzi, Benedikto. Neno la mtani!"

Kimya.

Ndani, kitu kikaanguka sakafuni. Halafu tukamsikia Noela akivuta pumzi. Moja, ndefu, yenye kukwaruza. Halafu akakohoa, akaanza kulia, na kilio kile kilikuwa kizuri kuliko wimbo wowote.

Ufunguo ukazunguka, komeo likafunguka lenyewe.

Filomena alinipita, akamkumbatia mtoto wake sakafuni. Shingo ya binti ilikuwa nyeusi kwa alama za vidole, jicho limejaa damu, lakini alikuwa hai. Alikuwa anamshika mama yake kwa mikono miwili. Mimi nilibaki kwenye korido, nimeegemea ukuta. Hakuna kilichonigusa. Nikangoja. Bado hakuna kilichonigusa. Nikaanza kufikiri kwamba labda uongo ule ulimaliza kila kitu, labda ameshindwa, labda ameondoka.

Filomena akatoka chumbani baada ya muda. Hakunishukuru. Hakunilaumu pia. Alikwenda moja kwa moja stoo, nikamfuata nikiwa nimeukumbatia mkono wangu. Akachomoa waya wa mashine, akausokota vizuri. Akaliokota lile shati la drafti, bado linadondosha maji, akalitia ndani ya pipa, akafunga kioo kwa goti.

"Ichukue," akasema.

"Nini?"

"Mashine. Nitakuitia guta la mzigo sasa hivi, likufikishe mpaka kwako. Ukifika tu, washa. Usilale kabla hujaiwasha."

Nikamtazama. Hapo ndipo harufu ilipokuja. Gongo. Sigara. Ilitoka korido, polepole, haina haraka, na safari hii haikusimama nyuma ya bega langu. Ilikuja mbele yangu, ikasimama uso kwa uso.

"Na mota ikichemka?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Filomena alinitazama kwa lile jicho lake moja. Nadhani alinionea huruma.

"Wewe si fundi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Kofi la kwanza likanikuta mdomo ukiwa wazi.